Mwalimu Asiyeruka Ukurasa

Kabla ya kusoma alikuwa akivua saa. Huiweka juu ya godoro karibu na goti lake, kisha hufungua mfuko wa plastiki wa kijani, mfuko wa mchele wa huko huko Guangzhou, na humo hukitoa kitabu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kitabu kinene, jalada limeng'oka upande mmoja na kushonwa kwa uzi wa fundi viatu. Hulamba kidole. Hututazama mmoja mmoja aone nani keshaanza kusinzia. Halafu husema, "Jana tulimwacha mzee amekasirika."

Huyo mzee hakuwa mwenzetu. Alikuwa Mmarekani wa zamani sana, mmoja wa wale waliomkataa mfalme wa Uingereza, wakakaa kitako kuandika nchi yao mpya itawaliwe vipi. Kitabu kilikuwa maandishi yake ya siasa pamoja na barua zake: za serikali, za marafiki, za shambani, za binti yake. Na sisi tulikuwa wafanyabiashara wa mtaa wa Xiaobei, miaka ile ya tisini inakwenda kuisha, tuliohamia Guangzhou, China, baada ya biashara ya Bangkok kuharibika. Tulilala wanne wanne katika hoteli ya bei rahisi, tukingoja mizigo imalizike kushonwa, kufungwa na kupakiwa. Kungoja ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa. Basi baada ya Alasiri, mvua ikiwa imefunga mtaa, tulijikusanya chumbani kwake, naye akatusomea. Kitabu Kiingereza, sauti Kiswahili. Alikuwa akigeuza maneno humo humo kinywani, sentensi ndefu kama treni ya Kigoma, na hakutaka akatizwe. "Ngojeni nimalize sentensi," husema, na sentensi yenyewe chai inapoa haijaisha.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, na chuo cha Kurani kwa Maalim Haji Vuai, Unguja. Lakini majina nayashika. Niulize leo nani alilala kitanda cha dirishani, nitakwambia ni Bi Saada Khamis. Niulize mpakiaji aliyevunjika kidole, nitakwambia ni Xiao Chen. Jina la Mwalimu pia nalijua, la kwake, la baba yake na la kijiji chake. Sitaliandika, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akisema mtu asiandikwe kitabuni kabla hajaulizwa, na mimi sikumuuliza. Tulimwita Mwalimu, maana alifundisha somo la siasa sekondari miaka mingi kabla mshahara haujamfukuza. Hata Wachina madukani wakamwita laoshi, ndiyo mwalimu kwa lugha yao. Na jina la yule mzee wa kitabu nalo sitaliandika. Lake lina watu wengi wa kuliandika. Naambiwa kuna miji na mitaa imepewa. Kalamu yangu ni ndogo, naiwekea wengine.

Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Shati lake alilinyoosha kwa kulilaza chini ya godoro, na asubuhi lilitoka na mistari kama limepigwa pasi ya mkaa. Vijiti vya kulia vilimshinda kabisa. Alikuwa na kijiko chake mfukoni, kimefungwa kwenye leso. Maji ya moto alijifunza kwa Wachina, akanywa kutwa nzima, na akitunywesha sisi pia, hata katika joto lile la Guangzhou linalokufanya uoge jasho ukiwa umesimama tu. Ijumaa humwandikia mkewe barua, na kila barua huweka karatasi ya kaboni chini yake abaki na nakala, kwa sababu yule mzee wake alikuwa akiweka nakala za barua zake zote. "Mtu anayetunza nakala," alisema, "hawezi kusema uongo mara mbili." Bi Mwanaidi Shomari akamuuliza, "Na mara moja je?" Akacheka mpaka akapaliwa.

Biashara yake ilikuwa kufuli. Kufuli, komeo na bawaba, makasha mazito yaliyokuja kwa lori kutoka mkoa mwingine. Salum Mabegi, ambaye peke yake alijaza karibu nusu ya kontena kwa mabegi ya shule na ya safari, hakumwacha. "Mwalimu wa uhuru, kazi yake kufuli!"

"Mwenye uhuru ndiye mwenye kitu cha kufungia," Mwalimu akajibu.

"Sema tu zinalipa."

"Zinalipa pia."

Kununua naye ilikuwa taabu. Sisi wengine tulifanya kama wafanyavyo watu wote: unapiga kikokotoo, unamwonyesha laoban, mwenye duka, yeye anatikisa kichwa, anapiga yake, wewe unasema tai gui, ghali mno, unajifanya unaondoka. Mwalimu hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa, akanyoosha kidole. Kwanza. Kisha cha pili. Pili. Anaeleza kwa Kiswahili kitupu, kwa adabu, kama anamwandikia mfalme, na laoban hajui hata neno moja. Laoban anasema meiyou, hapana, hakuna. Mwalimu anasema, "Ngoja nimalize." Mwisho laoban huyo anachoka, anamimina chai, anampunguzia ili aende zake. Nimeliona hilo kwa macho yangu, si mara moja.

Sasa nieleze kontena, maana bila kontena hutamjua. Hakuna kati yetu aliyeweza kulijaza peke yake, hata Salum. Kwa hivyo tulijikusanya: Salum, ndugu wawili wa Kipemba, Faki na Hamad, waliochukua redio, Mwalimu na kufuli zake, na sisi wanawake sita wenye robota ndogo. Mimi nilichukua pazia za Kangle, kule kwenye mafundi wa kushona kando ya soko la vitambaa. Bi Mwanaidi, mwenye duka Kariakoo kama mimi, alichukua magauni ya watoto ya soko la Shahe. Mama Wambui wa Nairobi alichukua pochi na viatu vya plastiki. Kisha Bi Saada, Rukia Pazi na Mama Anjela wa Mwanza, vitu vidogo vidogo.

Kontena lina mlango mmoja. Kinachoingia kwanza kinakaa ndani kabisa, na Dar kinatoka mwisho. Kinachopakiwa mwisho kinakaa mlangoni, na kinatoka kwanza. Mtu asiyefanya kazi hii ataona ni jambo dogo. Lakini katika yadi ya Dar kulishusha kontena ni kazi ya siku kadhaa, mara kuli hawapo, mara mkaguzi hajaja, na aliyetoka kwanza ndiye anayeingia sokoni na kuweka bei. Wewe wa ndani ukitoka, watu washanunua. Na kama ni mzigo wa Idd, basi tena. Gauni la Idd siku ya pili baada ya Idd ni kitambaa cha kufutia meza.

Kabla ya Mwalimu watu walikuwa wakigombana mpaka kushikana mashati. Faki na Salum walivunja kiti cha hoteli. Ndipo Mwalimu akasema, "Hawa wazee wa Marekani walikuwa na majimbo makubwa na madogo, kila moja linamwogopa mwenziwe, na walikaa chumba kimoja wakaandika. Sisi tunashindwa nini?" Akaandika katiba ya kontena. Nakala kumi, kwa kaboni, kila mtu na yake. Ilikuwa katiba nzuri, nitasema kweli yangu. Ilisema mpango wa kupakia uamuliwe kwa kura, kila mtu asikilizwe mpaka amalize. Ilisema mwenyekiti, yaani yeye, mzigo wake uingie kwanza kabisa, ukae ndani, ili asiwe na tamaa ya mlango. Na ilisema mwenyekiti hapigi kura. Akitaka kupiga kura, aache kiti, na asikikalie tena. "Mwamuzi hachezi mpira," alisema. Alituambia yule mzee aliamini kwamba mwenye madaraka afungwe kamba angali mwema, maana akishaharibika hatakubali kufungwa.

"Mzigo wako unaingia kwanza kwa kuwa kufuli ni nzito," Salum akamwambia, "si kwa sababu ya mzee wako."

"Sababu mbili haziuani."

Lakini katiba ile ilikuwa na kipengele kimoja. Mwenye mzigo mkubwa alikuwa na sauti moja kwenye kura. Mwenye robota ndogo, nusu sauti. Wawili wetu, mtu mmoja.

Wakati ule hatukulisema sana. Tuliona ni haki ya mzigo. Kumbe hesabu yenyewe ilikwenda hivi: Salum, Faki na Hamad, sauti tatu. Sisi sita, nusu nusu, sauti tatu. Mwalimu hapigi. Basi kila mkutano tulifungana, na katiba ilisema jambo likifungana libaki lilivyokuwa. Lilivyokuwa ni wakubwa mlangoni, sisi ndani. Mkutano baada ya mkutano tukanyoosha mikono, tukafungana, tukaenda ndani.

Nampenda mtu huyu, ndiyo maana naandika, lakini sitamfanya malaika. Alituhubiria kwamba cheo kiwe na mwisho, na yeye akawa mwenyekiti tangu kontena la kwanza "mpaka apatikane anayefaa". Alisema kila mtu asikilizwe, na Rukia Pazi akikohoa katikati ya kusoma, anamtoa nje. Katika mkutano alisema, "Sasa tuwasikie akina mama," halafu akatazama saa. Yule Mwalimu aliyewakatalia laoban kumi wa Shahe, mkewe akimwandikia nunua hiki, acha kile, alinunua hiki akaacha kile. Na aliamini kweli, kwa moyo wake wote, kwamba alikuwa ametutendea haki. Hilo ndilo gumu kwake, alikuwa si mjanja.

Sisi wanawake tulizipenda zaidi barua za shambani. Mama Wambui hakuficha. "Mwalimu, hizo za serikali zinatulaza. Leo tupe za nyumbani."

"Sirushi, mama. Tutazifikia zilipo."

Hiyo ilikuwa sheria yake: haruki. Mbaya, nzuri, refu, tunalala, hatulali, alisoma kila ukurasa kwa zamu yake. Tukizifikia za nyumbani tunaamka. Mzee anahangaika na mbaazi zake, nani kapata za kwanza msimu huu, yeye au jirani. Anamwandikia binti yake asile vitu vya baridi. Mama Wambui anasema, "Huyu ni kama baba yangu, aki, mashamba na tumbo, mashamba na tumbo."

Katika barua hizo za shamba mlikuwa na majina. Mzee akiwa mbali humwandikia msimamizi wake: Beti apewe blanketi, Aizaki afanyiwe viatu, Sukei kama hajapona asipelekwe shambani hivi hivi, na Filisi ahamishiwe jikoni. Nikauliza, "Hao nani?"

"Watumwa wake," Mwalimu akasema, kwa sauti ya chini lakini hakuficha.

Pakawa baridi kidogo. Unguja kuna nyumba ambazo neno hilo halitamkwi wakati wa kula, kwa sababu wajukuu wa waliolitamka na wa waliolibeba wamekaa mkeka mmoja. Mimi nimetoka nyumba hiyo. Nikauliza lililonijia: "Beti binti nani?"

Mwalimu akatazama ukurasa, akageuza, akarudi. "Hakuandika, bibi."

"Na Sukei?"

"Hakuandika."

Nikayatia kichwani. Sikuwa na sababu, ni tabia yangu tu. Jina likipita hapa haliondoki.

Basi mwaka mmoja, Idd inakuja, Bi Mwanaidi akaweka kila alichokuwa nacho kwenye magauni ya watoto. Mwaka uliotangulia magauni yake yalitoka ndani ya kontena watu wameshakula pilau ya Idd na kulala. Akauza kwa hasara, akauza na cherehani yake. Sasa akaniambia, "Zuhura, nikikaa ndani tena nafunga duka, narudi kwa kaka yangu Kilwa nikamlelee wanawe." Hakuwa akilia. Alikuwa akikunja magauni, la pinki juu ya la pinki. Mkutano wa kupakia ulikuwa kesho yake, na sote tulijua utakavyokwenda: tatu kwa tatu, kisha ndani.

Siku hiyo mvua ilinyesha, tukaenda kusomewa. Bi Mwanaidi akaja na magauni yake akaendelea kukunja. Mwalimu akavua saa, akafungua, akaanza. Ilikuwa zamu ya maandishi ya serikali. Mara akanyamaza. Midomo inacheza, sauti haitoki. Akanywa maji ya moto. Akageuza ukurasa, akaurudisha.

Angeweza kuruka. Chumba kile hapakuwa na mwingine wa kukisoma Kiingereza kile. Salum alikijua cha bei na cha bandari, basi. Angetupeleka kwenye mbaazi na tungefurahi. Nilimwona anavyoutazama ukurasa ule wa mbele, kisha akashusha pumzi, akasoma.

"Hapa mzee anaeleza watumwa wahesabiwe vipi."

"Wahesabiwe kwa nini?" Faki akauliza.

"Kila jimbo lilipata viti vya bunge kwa wingi wa watu wake. Majimbo yenye watumwa yakataka wahesabiwe, yapate viti vingi. Mengine yakakataa. Wakapatana: watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu."

"Na hivyo viti," Mama Wambui akasema, "wakakaa hao watumwa?"

"La. Walikaa mabwana zao."

"Yaani unanihesabu ndiyo upate kukalia kiti changu? Ai!"

"Mzee wako anasemaje?" nikauliza.

Mwalimu alikuwa na jasho. "Mzee anaitetea. Anasema kwa sheria zao wale ni watu kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine mali. Kwa hiyo hesabu yao iwe katikati."

Mvua tu, na Bi Mwanaidi anakunja. Bila kuinua kichwa akasema, "Mwalimu. Na sisi ni nusu."

"Si kitu kimoja hata kidogo, mama. Usichanganye. Nyinyi ni watu huru, mna maduka. Mimi nilihesabu mzigo."

"Mzigo haunyooshi mkono, Mwalimu. Uliyemhesabu ni mimi."

Salum akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka. Mwalimu akafunga kitabu katikati ya ukurasa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akasema "Kipindi kimekwisha," kama yuko darasani, akatoka mvuani. Na chumba kilikuwa chake. Saa aliiacha juu ya godoro.

Nilimpelekea asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za hoteli, shati halijanyooshwa. Akaivaa bila kunitazama. "Bibi," akasema, "nimefundisha siasa miaka yote ile. Niliwaambia watoto, soma ukijiuliza mwandishi anamficha nani." Akaikaza saa mkononi. "Nikadhani hilo ni la kusoma vitabu tu."

Mkutano ulikuwa yadi ya kupakia, mbele ya kontena, milango imefunguliwa, wapakiaji wa Xiao Chen wamechuchumaa wanavuta sigara. Mwenyekiti alikuwa na kiti chake, kigoda chekundu cha plastiki kama cha migahawa, sisi tunasimama. Akafungua mkutano. Akasema, "Kabla ya mpango wa kupakia, kuna hoja. Kipengele cha nusu sauti nilikiandika mimi. Naomba kifutwe. Kila mtu sauti moja."

Salum akasogea mbele. Nami simlaumu, maneno yake yalikuwa na uzito. "Mwalimu, mimi nimelipia karibu nusu ya sanduku hili. Likizama, nazama nusu. Leo nipigiwe kura na robota sita za pochi na pazia? Hiyo ndiyo haki?"

"Ukizama unazama na mabegi," Bi Mwanaidi akasema. "Mimi nazama na nyumba."

"Shangazi, kila mtu ana shida zake."

"Mama, umemaliza?" Mwalimu akauliza. "Umemaliza, Salum? Haya. Tupige kura kwa katiba ilivyo."

Mikono ikanyooka. Sisi sita, nusu nusu: tatu. Salum, Faki, Hamad: tatu. Imefungana. Na jambo likifungana linabaki lilivyokuwa. Salum akapumua. Bi Mwanaidi akageuka upande, akajifanya anaangalia kamba za robota lake.

Mwalimu akabaki amekaa, mikono magotini. Alikipenda kile kigoda, jamani. Ndicho kitu pekee Guangzhou nzima kilichomfanya aitwe mwalimu kwa maana yake. Alikitazama chini kati ya miguu yake kama mtu anayeangalia kama ameketi kwenye kitu cha mwenziwe. Kisha akasimama. Akakisogeza mbali kidogo kwa mguu. Akaja upande wetu, akasimama kati ya Rukia na Mama Anjela, akanyoosha mkono.

"Mwalimu!" Salum akapiga kelele. "Umeacha kiti! Katiba inasema hurudi!"

"Naijua, nimeiandika."

"Umekiuza kiti kwa nguo za watoto!"

"Sikukiuza. Nimesimama tu. Miguu imekufa ganzi."

Nne kwa tatu. Kipengele kikafutwa pale pale, na kwa kura mpya, kila mtu moja, mzigo wa Idd ukapewa mlango. Magauni ya Bi Mwanaidi yaliingia mwisho kabisa, robota lake likigusa bati la mlango, na yeye mwenyewe akaukandamiza kwa bega mpaka kufuli ikalia. Idd ile Kariakoo nilipita dukani kwake nikakuta hata la maonyesho ukutani amelivua akaliuza. Salum? Alinuna, akasema anatoka. Akauliza bei ya sanduku zima huko kwingine, akarudi.

Kiti wakanipa mimi. Sababu yao ilikuwa kwamba nakumbuka mzigo wa kila mtu bila kuandika. Sababu ya kweli ni kwamba hakuna aliyetaka kwenda ndani, na mwenyekiti huenda ndani. Hapo ndipo nilipojua Mwalimu alichokuwa akikifanya mizigo yote ile, anangoja yadi ya Dar tangu asubuhi mpaka mabegi yaishe, redio ziishe, ndipo aone kasha lake la kwanza.

Wala usidhani alikuwa mpole baada ya hapo. Alinisumbua! Kila mkutano mkono juu. "Mwenyekiti, hujasoma ajenda." "Mwenyekiti, Faki hajamaliza sentensi." Bi Saada alimwambia akitupe kile kitabu, kina najisi ya watu. Akakikumbatia. Siku iliyofuata akakifungua pale pale alipokifunga, akamalizia ule ukurasa, na mwingine, kwa zamu. Tuliokuja kusikiliza tulikuwa wachache, lakini mimi na Bi Mwanaidi tulikuwapo. Naye Bi Mwanaidi ndiye aliyekuwa akimchemshia maji.

Mara ya mwisho kumwona ni Xiaobei hapo hapo, chumba kile kile. Macho yalikuwa yamemwingia ukungu, mtoto wa jicho, na alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Nilimpelekea chai ya tangawizi kwenye chupa. Begi lilikuwa limefungwa, kitabu kiko juu ya godoro ndani ya mfuko wake wa kijani, na saa ameivua ameiweka karibu na goti.

"Unataka kusoma?" nikamuuliza.

"Herufi zimekuwa sisimizi, bibi. Nimevua kwa mazoea." Akapapasa mfuko. "Wewe unakumbuka. Nisomee."

"Mimi na Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili changu mimi. Kiko kwako, najua."

Nikamsomea, kitabu kimefungwa. Nikampa mbaazi, na jirani aliyemtangulia kuvuna. Nikampa binti na vitu vya baridi. Akatabasamu pale pale alipokuwa akitabasamu siku zote. Akanirekebisha mahali pamoja, nikamkatalia, akakubali. Kisha nikafika kwenye barua ya msimamizi wa shamba, nikaona Mwalimu wa watu anasafiri, ana macho mabovu, sina haja ya kumtia chumvi kwenye kidonda. Nikaenda kwenye barua ya mbele yake, ya mvua.

"Umeruka," akasema.

"Nimesahau."

"Wewe hujawahi kusahau jina maishani mwako. Usiruke, bibi." Halafu, kidogo, kama anayejisemea: "Nampenda bado yule mzee. Ndiyo taabu yenyewe."

Basi nikarudi nyuma. Nikasema: Beti apewe blanketi. Aizaki afanyiwe viatu. Sukei kama hajapona asipelekwe shambani. Filisi ahamishiwe jikoni.

Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio upande wangu.

"Beti binti nani?" akauliza.

"Hakuandika, Mwalimu," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa. Nikammiminia chai, nikamwekea kikombe mkononi, nikaendelea na barua inayofuata.